Kwa Dada Veronika, Juu ya Mutoto Aliyezaliwa Kibua

Dada yangu Veronika,

Kwanza nikuambie kwamba niko muzima. Najua hilo njo neno ungependa kusikia mbele ya yote. Niko muzima, na mutoto wangu iko muzima, amelala hapa karibu na magoti yangu. Nikiandika kidogo naweka kalamu chini na kumuwekea mukono kifuani, nisikie kama bado anapumua.

Tangu tulipokuzika kule juu Masisi, mambo mengi yamebadilika. Ng'ombe za Papa bado ziko kilimani, na Mama bado anauza maziwa, lakini mimi siko tena huko. Niliolewa na Paulo, yule kijana uliyesema anacheka kama mbuzi. Alipata kazi kwenye machimbo ya bati, tukashuka mpaka Mpofi, katika pori la Walikale. Hapa huwezi kuona mbali. Ni miti na mvua tu. Tereza, binti yako, tulikuja naye. Meno yake ya mbele yameng'oka, na anatembea kama wewe, akitupa mikono.

Nilipojua nina mimba, Paulo alienda kazini akiimba. Mimi nilikaa mulangoni nikakuona wewe, siku ile ulipomuzaa Tereza. Niliona kitanda cha Mama, shuka lile, mukono wako ukishika wangu kwa nguvu, halafu ukilegea. Waliniambia nitoke nje, eti mimi bado binti, nikakataa. Neno lako la mwisho lilikuwa "Nishike." Nilikuwa nimekushika, dada. Nilikuwa nimekushika.

Tereza naye, sijui nani alimuambia, siku moja tulikuwa tunamenya mihogo akaniuliza, "Mama mudogo, na weye utakufa ukizaa?" Nilimujibu hapana. Tangu siku ile niliamka na woga na kulala nao.

Nikuambie pia juu ya Mungu. Ulipokufa niliendelea kwenda misa kwa sababu ya Papa, lakini moyoni nilinyamaza. Tulikuombea wote tukiwa tumepiga magoti, na ulikufa. Sasa ningemuomba nini kwa ajili ya tumbo langu? Kulikuwa na siku mutoto alipiga teke, nikamushukuru Mungu kwa sauti nikiosha sufuria. Kesho yake nilifungua kinywa nisali, woga ukala maneno yote. Paulo aliniambia, "Muambie tu vile unaogopa. Yeye haiko mugeni." Nilimukasirikia. Paulo hajashika mukono wa muntu anayekufa.

Tulipanga kupanda mapema mpaka dispanseri ya misioni, upande wa Masisi. Uchungu ulitutangulia. Paulo na wenzake wa machimbo walinibeba kwa tipoyo, machela ya miti, mabegani, wakipokezana. Tulipofika mutoni karibu na Kibua, mvua ilikuwa imebeba daraja. Mai ilikuwa nyekundu, magogo yanapita. Nilimuona Paulo anatazama mai, ananitazama mimi, anatazama tena mai. Nilijua basi nitakufuata.

Mujane mumoja anayelima pale upande wetu wa muto alitupokea nyumbani kwake. Anaitwa Mama Anastazia, na amezalisha wanawake wengi wa kijiji. Jua lilipanda, likaanza kushuka, mutoto hashuki. Mama Anastazia alinipapasa tumbo, akapapasa tena. Nilianza Baba Yetu nikapotea katikati. Nikamuambia, "Mama, siwezi kusali." Alikuwa ananisugua mugongo na mafuta ya mawese. Alisema polepole, "Basi acha. Mimi nitasali, weye uitike Amina."

Alisali kwa Kihunde, lugha yake, na mimi nilielewa nusu tu. Kila alipotulia, niliitika. Dada, woga haukuondoka. Lakini chini ya woga nilikuta kitu kigumu, kama ukizama katika matope halafu muguu unagusa jiwe. Nilisimama pale. Sikuwa na nguvu yangu mwenyewe hata kidogo, na bado nilisukuma.

Alitoka, binti, kimya, rangi yake kama majivu. Mama Anastazia alimufuta kinywa, akamupulizia, akamupiga nyayo. Mimi nilisema "Mungu," basi. Halafu mutoto alilia.

Nilicheka mpaka nikaumwa. Nje, Paulo alianguka magoti ndani ya matope, akalia mbele ya wenzake bila haya, na wale wachimbaji wakaanza kuimba.

Unafikiri woga uliishia Kibua? Ulihama tu, kutoka kwangu kwenda kwa mutoto. Tuliporudi Mpofi, maziwa yangu yalichelewa, kisha homa ikamushika. Imepita sasa. Lakini kuna asubuhi ninaimba, na kuna asubuhi nakaa nikitazama ukuta, machozi yanashuka na siwezi kusema ni ya nini. Siku hizo Tereza anasali, mimi naitika. Ninaona Mungu anapokea hata hiyo. Nakuambia wewe kwa sababu kwa wengine naona haya. Wanataka nifurahi.

Jumapili padri atapita hapa kubatiza. Paulo alitaka mutoto aitwe Veronika. Nilikataa. Niliogopa jina lako litamuvuta kule uliko. Jana nilikuwa natoka kuchota mai, nikasikia Tereza ndani akimubembeleza. "Veronika, nyamaza. Veronika." Hakuna aliyemuambia alitumie. Ni jina la mama yake, nadhani alitaka tu kulisema. Nilisimama nje na ndoo kichwani, nikitaka kuingia nimukataze. Mutoto alinyamaza. Sikuingia.

Pumzika, dada yangu. Mungu aliyekupokea akushike vizuri kuliko mimi nilivyoweza. Padri akiniuliza jina, sauti yangu itatetemeka, najua. Nitalisema lako, lote, mpaka mwisho.

Mudogo wako,
Marita