Bomba Alilolikata Baba Zuwena

Jumamosi, Njombe. Baridi ya leo inauma mpaka kwenye fizi, na mimi nina hasira tangu juzi.

Nimekuja huku kwenye kafe ya intaneti kwa sababu sikutaka kupika leo kule Makambako. Acha wale mkate.

Samaki wangu wamekufa.

Kwa asiyenijua: nimezaliwa Pangani, nimeolewa na mwenye malori Makambako, ambako bahari watu wanaisikia redioni. Mwaka juzi mume wangu, Baba Zuwena, aliniletea maji ya bahari kwenye mapipa, lori lake likirudi tupu kutoka Dar. Kaka yangu akanitumia samaki. Nikawa na tangi la vioo sebuleni, linachukua madebe kumi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaacha kulilia kwetu.

Maji ya chumvi yanachafuka upesi, na huku siwezi kuyabadili nikitaka. Hapa hapa kafe nikasoma namna ya kutengeneza kiengua povu. Ni bomba lililosimama wima. Maji ya tangi yanapita ndani yake, pampu inapuliza viputo kutoka chini, viputo vinapanda na uchafu, na povu linamwagikia kwenye kikopo cha juu. Shida yote iko kwenye kipimo. Bomba la kwanza lilikuwa jembamba, halikutoa kitu. La pili lilikuwa nene lakini fupi, kiputo kinafika juu kabla hakijabeba chochote, na kikopo kinajaa maji matupu. Nikaweka la inchi nne, refu la kunifika kifuani. Hilo lilitoa povu la rangi ya chai isiyo na maziwa, linanuka, nikafurahi kama mjinga.

Wiki hii nilikuwa Ilembula, hospitali, namuuguza wifi yangu. Dada wa Baba Zuwena, si wangu. Kule nyumbani yeye akaita wazee waje kumsomea mgonjwa dua. Makochi yakatolewa sebuleni, zulia likatandikwa, na bomba langu likabaki peke yake, watu wote wataliona. Ni kweli ni aina ile ile inayofungwa vyooni. Madukani hakuna jingine. Akaona aibu. Akaita fundi, wakalikata likawa usawa wa goti, wakalificha nyuma ya tangi.

Simu anayo mfukoni. Alinipigia kila siku kuuliza hali ya dada yake, na hili hakulitaja.

Bomba fupi likafanya ninalolijua mimi: kikopo kikajaa, maji yakamwagika zuliani, wazee wamekaa na misahafu mikononi. Baba Zuwena akachomoa waya wa pampu ukutani. Dua ikaisha, wageni wakala pilau, waya haukurudishwa.

Juzi nimefika nikawakuta samaki wanaelea. Kitatange wangu wa njano amelala ubavu. Amebaki mmoja mdogo mweusi, anahema juu juu.

"Mama Zuwena, ningefanyaje? Watu wanasoma dua, wewe umewasimamishia bomba la choo!" Kisha akasema wifi amepata nafuu, nimshukuru Mungu.

Nashukuru. Wifi nampenda, nimemgeuza kitandani kwa mikono yangu. Na ndiyo maana nimeshindwa hata kugomba, nitaonekana mwanamke anayelinganisha samaki na mtu. Mume wangu analijua hilo, analitumia, na mimi linanichoma.

Alhamisi wazee wanarudi kusoma dua ya shukrani. Ameniomba, kwa upole kabisa, tangi lihamie stoo.

Leo nimenunua bomba jipya. Linanipita kichwa. Muuza duka aliuliza anikatie vipande viwili ili nipate kupanda nalo basi, nikamwambia asikate. Limesimama hapa pembeni ya kompyuta, watu wanalitazama, wanitazame na mimi.

Alhamisi wazee watalikuta sebuleni, na dua itasomeka tu.