Ahadi ya Watu wa Tanuru

Mpendwa Mzee Sudi,

Mwaka jana ulinipatanisha na mawifi zangu, sasa naomba unisaidie na wanaume wa tanuru. Nasimamia kiwanda cha nondo njia ya Kabuga, na siku ya imihigo, ile ya kutangaza ahadi za kazi, nilisimama mbele ya mkurugenzi nikaahidi kwa niaba ya zamu zote kwamba mwezi huu nondo zitaongezeka kwa robo, ukumbi ukapiga makofi, nami kwa furaha nikawashonea wafanyakazi fulana zilizoandikwa "Tumeahidi", lakini tangu hapo fulana zimekuwa matambara ya kufutia grisi, nondo ikipinda mashineni wanaitazama kana kwamba ni ya kiwanda cha jirani, na nilipomuuliza Kagabo, mkubwa wa tanuru, kuna nini, akanijibu, "Madamu, umenioza bila kuniambia, halafu unaniletea picha ya harusi." Wenzake wakacheka mpaka nikasahau nilichofuata. Nisipofikisha, mkurugenzi ataleta msimamizi mwingine. Niwape onyo au niwabembeleze?

Annick, Kabuga

Binti yangu Annick,

Umefika kwa mwenyewe. Nimesimamia viwanda vitatu na vyote vilinitii. Basi, nimedanganya. Niliuza chapati getini pa kimoja, na hata hapo msimamizi alikuwa mke wangu. Lakini muuza chapati husikia watu wanasema nini wakitoka kazini.

Pole, ila umekosa. Imihigo ni mtu kusimama mwenyewe, kifua mbele, aseme atafanya nini na watu wasikie. Umeona wapi mtu akijigamba kwa kinywa cha jirani? Makofi ulipigiwa wewe, joto wanalila wao. Onyo usitoe, utapata watu wanaofika mapema na kulala macho wazi.

Kesho kabla ya zamu vaa mabuti, nenda penye tanuru, useme, "Niliahidi bila kuwauliza, nimekosa." Kisha nyamaza. Najua itakuuma, mawifi zako waliniambia. Kila zamu itamke yenyewe itatoa nini, na inataka nini kwako, iwe feni, iwe glavu zisizotoboka. Utakalolikubali, litimize wewe kwanza. Ahadi yao ikiwa ndogo kuliko yako, ipeleke hivyo hivyo kwa mkurugenzi, na Kagabo aitamke kwa kinywa chake. Akishajigamba mbele ya wenzake, hataikimbia. Namjua, alikuwa anakula chapati zangu.

Na tukiwa kwenye ahadi: siku mawifi walipokusalimia tena, ulisema mwenyewe, bila kuozwa na mtu, kwamba utanitengenezea komeo la mlango wa choo. Mpaka leo nikiingia huko naimba ili majirani wajue kuna mtu, na nyimbo zimeniishia. Mpe dereva wa basi la huku kwetu Nyamirambo, ataniletea.