Baba Aliyebaki Mtumbwini

Jumapili jioni, Mlabani. Mvua imenyesha tangu watu wanatoka kanisani na barabara yetu imekuwa tope tupu. Nimevua viatu mlangoni, nimekaa, sina hata hamu ya chai.

Nimechoka, na si kuchoka kwa kazi.

Mjomba wangu anaondoka. Naandika hivyo kwa sababu nyumbani hakuna anayelisema. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, na daktari alishamwambia mama turudi naye nyumbani tukamtunze. Mjomba amevua samaki mto Kilombero tangu ujana wake, na hana kanisa wala msikiti. Ukimuuliza dini yake anasema, "Andika mtumbwi."

Nami nataka amjue Yesu kabla hajafumba macho. Sitaki kumshinda kwa ubishi, wala sitaki nisifiwe kanisani kwamba nimeleta mtu. Nampenda, basi. Baba alipofariki ni yeye aliyenilea. Kambale wake ndio walionisomesha. Asiondoke bila kujua kuna anayempenda kuliko mimi.

Lakini jamani, neno hili la kumjua Yesu tumeliharibu wenyewe. Kwetu mtu asiye na dini akiugua, hatumsogelei mpaka daktari atikise kichwa. Hapo ndipo katekista anakuja na beseni la maji, mgonjwa anabatizwa haraka haraka, apate jina la kuandikwa msalabani na kwaya ya kumwimbia. Mtaa mzima unajua maana ya lile beseni. Mama wala hafichi: "Kaka yangu asipobatizwa tutamzikaje? Nani atakuja?"

Kwa hiyo juzi nilipoingia na Biblia kwapani, mjomba aliitazama kwanza hiyo Biblia, kisha akanitazama mimi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Daktari kasemaje?"

Nilikosa pa kuficha uso. Mimi nimekuja na habari njema, yeye kaona sanda.

Leo Biblia nimeiacha nyumbani. Nimemkuta kaegemea ukuta barazani kwake anasuka mgono, ule mtego wa matete wa kutegea samaki, ingawa wote wawili tunajua hatautega. Vidole havina nguvu. Nikakaa chini, nikawa nampasulia matete, mvua inapiga bati. Moyoni nilikuwa namsihi Mungu anipe hata neno moja. Sikupewa.

Akaanza yeye.

"Huyo Yesu wenu, si wale watu wake wa kwanza walikuwa wavuvi?"

Nusura niruke. Nikamsimulia taratibu, bila ile sauti ya kanisani: alivyopita kando ya ziwa akawaita Yakobo na Yohana, wakaacha nyavu wakamfuata, na baba yao Zebedayo wakamwacha mtumbwini pamoja na vibarua. Nilidhani nasimulia vizuri.

Mjomba akaacha kusuka. "Huyo mzee alibaki na chombo peke yake?"

"Na vibarua, mjomba."

"Kibarua si mwanao. Walirudi kumwona?"

Hapo nikamkumbuka Joeli.

Joeli ni mwanawe wa pekee. Ni mhubiri huko Mbeya, na hajakanyaga hapa tangu amalize chuo cha Biblia. Kazi yake kunitumia sauti kwenye simu: "Baba, okoka, muda umekwisha." Mimi ndiye ninayemwekea mjomba sikioni. Husikiliza mpaka mwisho, kisha ananiomba nirudie. Siku zote hizi nilifikiri neno linamgusa, nikawa namshukuru Mungu kimya kimya. Kumbe mwenzangu anasikiliza sauti ya mtoto wake!

"Sijui, mjomba," nikamjibu.

"Basi kaangalie. Kesho utaniambia." Akarudi kwenye matete yake.

Nilipotoka pale nikampigia Joeli. Hakupokea. Baadaye akaandika kwamba yuko kwenye mkutano wa injili, nimwombee roho nyingi ziokoke. Nimemwombea, kwa hasira, sijui kama hayo ni maombi.

Tangu niingie ndani nafungua Injili moja baada ya nyingine. Mama yao nimemkuta, hata pale msalabani yupo. Baba yao simwoni tena. Sijaona palipoandikwa kwamba walirudi, wala kwamba hawakurudi.

Ningeweza kumtungia. Nimwambie walikuwa wanapita kumwona kila wakipata nafasi, wanamletea samaki, wanamshika mkono. Angefurahi, pengine angekubali maji, na mama angepumua. Lakini siwezi kumleta kwa Bwana kwa kumdanganya. Akifika huko na kukuta siyo, je?

Joeli, kaka yangu, najua huwa unapita kwenye ukurasa wangu huu kusoma. Usitume sauti tena. Panda basi uje. Usimhubirie kwanza, kaa chini umpasulie matete.

Kesho nitakwenda, na akiniuliza nitamwambia haikuandikwa. Sina kingine cha kumpa.

Bwana, wewe uliyewaita wale vijana, baba yao ulimpitia hata siku moja?