Kiti cha Jakaranda

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Dagoretti. Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu, nikacheka peke yangu kwa furaha. Mimi ni mzima, ila nakunywa chai yenye vumbi la mbao.

Baba, nimekuchongea kiti kingine. Najua. Viwili vya kwanza vilipasuka ukavifanya kuni, ukasema mikono ya kike ina haraka na wewe hukalii kiti chenye ufa. Maneno hayo yaliniuma sana, na bado yananiuma.

Upepo uliangusha jakaranda ya zamani kule Woodley, nikapata gogo bichi linalonukia mvua. Safari hii nililipasua katikati nikatoa kiini, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Nikachonga umbo la kiti, nene, miguu mitatu, nikapaka nta ya mishumaa kwenye ncha ili maji yasitoke kwa pupa, kisha nikakizika ndani ya gunia la maranda. Kila asubuhi nilikifunua kidogo nikakiwekea shavu, kwa sababu mti mbichi una baridi. Mara nyingine nilisinzia hapo hapo nikawa nyumbani, nakusikia ukichonga kwa tezo, maua ya zambarau yakikuangukia, ingawa kwetu hakuna jakaranda hata moja.

Halafu jirani yangu Ouma, fundi wa vitanda, akanihurumia. Nilirudi kutoka dukani nikakuta kiti kiko juu ya mabati, juani, nta yote imeyeyuka.

"Sista, hiyo kitu yako ilikuwa inaoza kwa gunia. Nimekuanikia ikauke haraka."

"Ouma, umeniua!"

Ufa ulikuwa umeshaingia kwenye miguu. Nililia mbele ya watu, Baba, naye maskini akabaki ameshika kofia. Nikaikata miguu hadi pale ufa ulipoishia, nikakirudisha kwenye maranda, nikaanza kungoja upya, hadi kungoja kwenyewe kukawa kutamu.

Sasa shavu halisikii baridi. Nimekipiga msasa na kukizungusha kwenye mwanga wa dirisha, ni kizima. Shangazi atakuletea akija Jumamosi.

Nisalimie Mama, kaka Kioko anayekuchungia mbuzi, na wifi yangu aliyejifungua.

Kiti ni kifupi, itabidi unyooshe miguu kama mtoto. Usikigeuze kutafuta ufa, Baba. Kalia tu, halafu Mama anipigie simu aniambie umekalia.

Binti yako,
Mwikali