Aliyeendesha Gari ya Vuai na Mize

Malindi, Unguja

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hizi zikukute umekaa penye mwanga, miwani usoni, na goti lako limetulia. Shangazi ameniambia kwamba sasa hata ukipigiwa kelele unasikia mvumo tu, na kile kidude cha masikioni alichokununulia kaka Rashidi umekitupa kabatini kwa sababu kinakoroma. Nilicheka, halafu nikalia. Fundi redio wa Mikindani nzima, leo redio zinamnyamazia yeye!

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Bado niko jikoni kwenye nyumba ileile ya wageni, napika staftahi, na nshaizoea Unguja mpaka Shangazi ananicheka nikisema "nnakwenda" na "nshakula". Kazi ipo, ingawa hivi karibuni imetikisika, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Ningeweza kumpa Shangazi habari hii kwa simu akuandikie vipande vipande. Sikutaka. Hii nataka uipate kwangu, yote, tangu mwanzo. Nakuomba usome taratibu na usiiweke chini kabla hujamaliza.

Baba, Vuai na Mize nilipewa na wewe. Nilikuwa nikitoka skuli nakukuta kwenye kibanda chako umezima redio zote za wateja ila moja, kwa sababu wale ndugu wawili wa Matemwe wanaimba. Vuai na gitaa lake, Mize na zile nyimbo alizozitunga mwenyewe za mwani na bahari na wanawake wanaorudi nyumbani na magoti yenye chumvi. Nyuma yao ngoma moja ndogo, ya mtu ambaye mtangazaji hakuwahi kumtaja jina. Uliniambia, "Sikiliza, Zuhura, hawa hawajifanyi." Na ule wimbo wa mwani tuliuimba wote wawili, wewe na bisibisi mkononi:

Mwani nimeuanika, harufu haijatoka,
Nimenawa nimechoka, mkononi imeshika.

Siku zilipokuja habari kwamba wamekufa kwa ajali, wote wawili, Mize hata thelathini hajafika, ulifunga kibanda mchana kweupe. Ulikaa ukiutazama ukuta. Kisha ukasema, "Wamekufa wao, aliyewaendesha amepona. Mungu asinikutanishe naye." Mimi nilikuwa mlangoni na chai yako. Niliitikia amina.

Sasa nikwambie yaliyonikuta.

Mikate ya staftahi huletwa kila asubuhi na mtu mmoja kwa baiskeli, boflo zimefunikwa kwa kanga kuukuu. Jina lake Ame. Mtu mpole, si wa maneno mengi. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye ni baiskeli tu. Hata mwenye tanuri alipomwambia kuna kigari cha kusambazia mikate, alikataa. Tulikuwa tunasalimiana, basi. Siku moja aliingia nikiwa naosha vikombe na kuimba wimbo wa mwani. Aliweka kapu chini, akasimama. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka, hata kwaheri hakuniaga.

Kesho yake akaniambia, macho ameyainamisha chini, "Beti ya mwisho unaikosea. Mize hakuwa akisema 'nitarudi'. Akisema 'nirudishe'."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa nikimsikia kwa karibu."

Akina Ame ni wengi Unguja; nilidhani ni mpenzi wa nyimbo zao tu, kama mimi na wewe. Nikafurahi, Baba. Huku ugenini nilikuwa sijapata mtu wa kuzungumza naye Vuai na Mize ila mara moja kwa mwaka, wapenzi wao wanapokutana kuwakumbuka. Ikawa kila asubuhi anakaa kidogo. Ananieleza wimbo gani ulitungiwa wapi, Mize alikuwa akicheka vipi akikosea. Miezi ikapita. Nikajikuta nasikiliza kengele ya baiskeli kabla haijalia. Sitakuficha, nilimpenda.

Siku aliyotaka kuniposa aliniomba tuonane Forodhani asubuhi, kabla wachoma mishikaki hawajaanza kupanga meza zao. Alikuwa amevaa kanzu safi. Akasema, "Kabla sijatuma wazee kwenu, kuna jambo lazima ulijue. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia ngoma. Na gari, mimi ndiye niliyeiendesha."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza. Walikuwa wamepiga harusi Kendwa mpaka karibu na alfajiri. Dereva waliyemkodi kuendesha gari yao aliondoka zake. Mize akasema walale pale pale, waondoke jua likitoka. Vuai alikuwa radhi. Ame ndiye aliyesema, "Twendeni, mimi niko macho." Hawakuwa wamefika mbali. Hakukuwa na ng'ombe barabarani, kama walivyosema baadhi ya watu, wala hakuwa amelewa, kama walivyosema wengine. Alisinzia.

"Nilisinzia, Zuhura. Basi. Nilipoamka gari imo mnazini na wao wamenyamaza."

Baba, niliondoka nikamwacha kwenye lile benchi. Kwa siku nyingi nikapokea mikate bila kumtazama. Aliweka kapu, akasema asalaam aleikum, akaenda. Hakunibembeleza hata neno. Na mimi ndani ya kifua nilikuwa nakusikia wewe, na ile amina yangu. Nikajaribu kumchukia, nikaweza asubuhi, jioni ikanishinda. Nilijiuliza: ningempenda kama angenificha? Angeweza kunificha maisha yake yote. Hapa mjini karibu hakuna anayemjua kwa sura. Watu wanakumbuka sura za waimbaji, si ya mpiga ngoma.

Mwezi wa kumbukumbu ukafika. Wapenzi wa Vuai na Mize hukutana baada ya sala ya alasiri katika ua wa Bwana Seif, mzee mmoja wa nasaba ya Kiarabu, mwenye duka la vitambaa Mkunazini, ambaye amezihifadhi rekodi zao zote kama mboni ya jicho lake. Tunakaa juu ya majamvi, inasomwa dua, inanywewa kahawa, halafu kila anayeweza anaimba. Mama yao, Bi Mosi, huletwa kutoka Matemwe na huketishwa mbele. Kila mwaka nilikuwa nikienda kwa furaha. Safari hii Ame akaniambia mlangoni, kapu mkononi, "Na mimi nnakuja."

"Usije."

"Miaka yote nasikia nyimbo zao nje ya ukuta ule. Nshachoka kusimama nje."

"Watakuua, Ame."

"Labda."

Nilikwenda hivyo hivyo. Nilikuwa nagawa kahawa. Wameshaimba nyimbo mbili, na binti mmoja ameanza ule wa mwani, nikamuona akiingia na kuvua viatu. Alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Wimbo ulipofika kwenye beti ya mwisho, mkono wake wa kulia ukaanza kupiga polepole juu ya goti. Hakujua kwamba anapiga. Bwana Seif alikuwa amefumba macho, akayafumbua. Akasikiliza. Mtu aliyezisikiliza rekodi zile kwa miaka anaujua ule mkono, Baba, kama unavyoijua wewe redio yenye valvu mbovu kwa mlio wake.

Akanyanyua kidole, binti akanyamaza.

"Wewe ndugu," alisema. "Ngoma hiyo umejifunza wapi?"

Ame akauondoa mkono gotini.

"Nimekuuliza. Wewe si Ame?"

"Naam. Ndiye mimi."

Kisha nikasikia majamvi yakichakacha, wanaume wanasimama. Mmoja akapaza sauti, "Muuaji kaja kunywa kahawa ya hitima!" Mwingine akaufunga mlango wa nje na kuuegemea. Kijana mwenye mabega mapana alimkamata Ame kwenye ukosi wa kanzu akamnyanyua, na kitambaa kikachanika. Ame mikono yake ameiacha chini. Wanawake walikuwa wanapiga kelele, wengine wanasema mwacheni, wengine wanasema mtoeni. Mimi nilikuwa na sinia la vikombe. Sikumbuki nililiweka wapi. Nilijikuta tu nimesimama baina ya Ame na ukuta wa watu, na yule kijana ananiuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikasema, "Ni mchumba wangu."

Ndiyo, Baba. Mbele ya watu wote, kabla sijamjibu mwenyewe.

Bwana Seif aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Wewe? Unayelia kila mwaka hapa?"

Ndipo Bi Mosi akasimama. Ni mwanamke mfupi, mgongo umepinda kwa kazi ya mwani, na anaposimama huchukua muda. Watu wakampisha. Tulidhani anakwenda kumpiga. Alifika, akautazama ule ukosi uliochanika, akamwambia kijana, "Mwachie."

"Bi Mosi, huyu ndiye—"

"Nnamjua ni nani. Kalala kwangu akiwa mtoto, kala wali wangu. Arubaini ya wanangu haijesha, alikuja akanambia alisinzia. Hakunidanganya. Nikamfukuza. Akarudi, nikamfukuza. Mpaka leo sijamsamehe." Alikuwa anahema. "Lakini hilo ni langu, na lake, na la Mwenyezi Mungu. Nyinyi hamna sehemu humo. Nyinyi mnawapenda wanangu kwa nyimbo. Basi imbeni. Aliyewanyonyesha ni mimi."

Yule kijana akauachia ukosi.

Ame akasema, kwa sauti ambayo walio nyuma nadhani hawakuisikia, "Mize alitaka tulale. Mimi ndiye niliyesema twende."

"Wanambie wao," Bi Mosi alisema. "Mimi nshasikia."

Ame akageuka akawaambia wote, maneno hayohayo, kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja alianza kulia. Yule kijana aliyemchania kanzu akakaa chini na kuufunika uso. Bwana Seif alisema, "Basi aondoke. Siwezi kumtazama nyumbani kwangu." Na Bi Mosi akasema, "Ataondoka, lakini asitolewe na mtu. Atatoka mwenyewe." Mlango ukafunguliwa. Ame akatia miguu viatuni, nikainama nikamfunga kamba. Tukatoka pamoja. Nyuma yetu hakuna aliyeimba.

Tangu siku hiyo Bwana Seif haitikii salamu yangu. Mwenye nyumba ya wageni ni jamaa yake, na amenambia waziwazi kwamba anafikiria kama nibaki. Wengine katika wapenzi wa Vuai na Mize wananikwepa sokoni. Sisemi wanakosea. Wamewapenda wale wawili kwa miaka, na mapenzi yao hayana pa kwenda.

Nilikwenda Matemwe kumuona Bi Mosi. Nilimkuta anaanua mwani. Hakunikaribisha ndani, lakini hakunifukuza. Nikamsaidia kufunga magunia. Akaniuliza, "Utaolewa naye?" Nikasema, "Baba yangu akiridhia." Akafunga kamba, akaikaza kwa meno. "Harusini usinialike. Na yeye mwambie asije tena kuniomba. Nikiwa tayari, nitamwita mwenyewe." Alipomaliza gunia la mwisho akaongeza, "Akikuambia amechoka, amini. Usimwambie ajikaze."

Hayo ndiyo yote. Wewe ndiye walii wangu, Baba, na bila wewe hakuna ndoa, wala mimi siitaki ya kukukimbia. Sikuombi umpende. Sikuombi hata uwasahau wale wawili, maana yeye mwenyewe hawasahau. Nakuomba umpime kwa unavyopima watu, si kwa nilivyokueleza mimi.

Msalimie Shangazi Halima anayekupikia na kukugombeza, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia. Msalimie kaka Rashidi anayekishika kibanda sasa, na mkewe Mwanahawa, na mtoto wao ambaye sijamuona ila kwenye picha. Msalimie na Mzee Chande, jirani, mshindani wako wa bao.

Imebaki moja, Baba. Barua hii sikuitia posta. Nilitaka, Ame akakataa. Alisema, "Bi Mosi nilimwendea mwenyewe. Baba'ko nimwendee kwa stempu?" Nikamwambia, hatakusikia. Akasema, "Ataniona."

Huyo mgeni aliyekukabidhi bahasha ndiye Ame. Amepanda boti, kisha basi mpaka kwenu, na kwake yeye safari ya gari si jambo dogo. Nimemwambia akae barazani asiseme kitu mpaka umalize kusoma. Ukitaka aondoke, mnyooshee mkono njia. Ataondoka bila neno, na mimi nitalijua jibu lako nikiutazama uso wake anaposhuka botini.

Ukitaka vingine, mpe maji ya kunywa. Katoka mbali.

Mwanao anayesubiri,
Zuhura