Mdomo wa Mtaro

Jumatatu, 3 Machi
Wapimaji wa barabara wamefika leo. Kamba, vigingi vyekundu, na injinia mwanamke mwenye buti kubwa. Nilivaa koti. Koti, juani! Eti aone kwamba hapa kuna mwenye shamba.

Barabara inapanuliwa. Kigingi kimeingia hadi barazani kwa Shemeji, mjane wa marehemu mdogo wangu, ng'ambo ya pili. Baraza yote inaondoka. Kwangu? Hata sentimita moja! Nikampa pole kwa sauti ya msibani huku moyoni napiga vigelegele. Mtu mzima hovyo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamua: maduka manne, yakitazama barabara mpya. Wapangaji watapigana vikumbo. Mke wangu kasema hata banda la kuku lilinishinda. Kweli. Lakini kuku si wapangaji.

Lori limemwaga mawe ya msingi. Nilisimama kando yake kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa barabara. Nilikaa mbele. Kwenye mchoro, mshale wa bluu ulikuwa unaishia shambani kwangu. Nikadhani ni alama ya maendeleo! Nikauliza kwa madaha, huo mshale ni wa nini? Injinia: ni mtaro. Maji yote ya mvua yatatokea pale. Pale wapi? Pale kwenye mawe, mzee.

Ukumbi mzima kicheko. Nikasimama, nikahutubia. Haki ya mwenye ardhi, matumizi ya ardhi, vizazi vijavyo — sijui vizazi vijavyo viliingiaje. Makofi! Nikakaa, nimevimba kama puto.

Injinia akasema sawa, pingamizi limepokelewa. Pande zote mbili zina mteremko, kwa hiyo mdomo wa mtaro unaweza kuhamia ng'ambo.

Ng'ambo ni kwa Shemeji. Naye alikuwa bado anapiga makofi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kumweleza kiungwana. Nikamkuta anahama barazani: cherehani ameiingiza chumba cha nyuma, kitanda kimesukumwa ukutani. Nikaongea habari za ng'ombe wangu anayekohoa. Nikamsaidia kubeba meza ya kukatia vitambaa. Akasema, "Ulivyotutetea wote pale mkutanoni, Shemeji! Laiti mdogo wako angekuwepo."

Wote! Nikajikwaa kizingitini.

Nyumbani mke wangu kauliza, umemwambia? Nikasema nimegusia. Nimegusia meza.

Jumanne, 11 Machi
Wamekuja. Injinia, nyundo, kigingi cha bluu. Anataka neno langu leo hii. Pingamizi likibaki, kigingi kinapigwa chini ya dirisha la chumba chenye cherehani. Nikiliondoa, maduka yangu yanakuwa bwawa. Nikaomba wachimbe mtaro hadi bondeni. Haiwezekani, mradi unaishia ukingoni mwa barabara. Kutoka hapo ni jembe la mwenye shamba. Jembe langu! Mimi niliyeshindwa na kuku.

Nikasema ngoja nikatafute miwani. Miwani ilikuwa usoni. Mke wangu akaivua, akaipangusa, akanivisha tena, na hiyo ndiyo adhabu.

Niko chumbani. Kupitia dirishani naona Shemeji anavuka barabara, tepu bado shingoni. Anauliza kitu. Injinia ananyoosha mkono kwangu, kisha kwake. Shemeji anageuka, anaitazama nyumba yake. Angegomba tu, ningejua pa kuanzia!

Ameita: "Shemeji! Kama ni kwangu, njoo uniambie mwenyewe."

Si hasira. Ingekuwa hasira ningejibu.

Natoka. Nimeandika natoka, na bado nimekaa.

Ameita tena. Mke wangu kaja, kafungua mlango wa chumba, kauacha wazi, kaondoka. Sasa nawaona wote pale uani, nao wananiona — kalamu mkononi.