Mstari Nisioupima

Pruden, Kaunti ya Harlow, Arkansas
Jumatatu, 10 Juni 1889

Dada yangu Keziah,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki kifuani mwa kaka yako. Natumaini miguu yako haivimbi tena, na kwamba unajilazimisha kula walau uji wa mahindi. Mimi ni mzima, ila nakohoa tangu nilipotoka majini, jambo nitakalokueleza. Barua yako ya Alhamisi nimeipata. Umeniuliza kama ushone shati jeupe la kumzikia mwanao Orrin. Nakusihi usishone kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Unakumbuka mama alivyowachekesha wageni kwa kusema kwamba alizaa watoto watatu katika kaunti tatu bila kuhama kitanda. Mimi nilizaliwa Pell. Pell ikakatwa, marehemu Lucius akazaliwa Harlow. Kisha Teague ikamegwa kutoka Harlow, nawe ukazaliwa Teague. Kila wabunge wa jimbo walipochora upya, sisi tuliamka tukiwa na mahakama nyingine. Mwaka 1849 waliusogeza mpaka mara ya mwisho: uanzie kwenye Jabali Jeusi, uende kusini moja kwa moja hadi Kijito cha Cane kinapoingia mtoni. Nyumba yetu ikarudi Harlow. Aliyetumwa kuupima mstari huo nilikuwa mimi, kijana wa miaka ishirini na sita, nikijivunia mnyororo mpya wa kupimia.

Kwa hiyo Wiley Stroud alipomvamia Orrin kwa kisu pale kivukoni mwezi Machi, na Orrin akampiga kasia moja akafa, swali la kwanza halikuwa nani alianza. Lilikuwa kivuko kimo kaunti gani. Hapa Harlow kila mtu anakijua kile kisu; Wiley alikuwa akienda nacho hata kanisani. Lakini ramani ilikiweka kivuko Teague, na waamuzi kumi na wawili wa kesi wakachaguliwa miongoni mwa watu waliolima, kula na kuoana na akina Stroud. Mmoja wao, nasikia, alimwambia wakili wetu siku ya kwanza, "Bwana, funga mkoba wako urudi kwenu. Jua kali hili litakuchoma bure."

Wakili hakuwa na hoja nyingine iliyobaki isipokuwa kudai kwamba huenda kivuko ni cha Harlow. Nikaitwa. Niliweka mkono juu ya Biblia, nikasema kwamba mstari wote niliupima kwa miguu yangu, na kwamba kivuko kimo Teague. Ulikuwapo. Uliniangalia, nami nikaangalia kofia yangu. Jioni ile Orrin aliniuliza kupitia nondo za jela, bila hasira, "Mjomba, hebu niambie kweli. Siku ile nilikuwa nimesimama wapi hasa?" Nikamjibu kwamba alisimama Teague.

Jumatano, siku moja baada ya hukumu ya kunyongwa, nilichukua shoka nikaingia kinamasini pamoja na Amos Pettway, aliyenishikia mnyororo zamani. Mpima ardhi hukata alama kwenye miti ya mpakani. Gome hulifunika jeraha, lakini ukiupasua mti utaiona alama ndani, na pete za mti zitakuhesabia miaka. Nilipasua miti tisa. Amos alikaa juu ya gogo akitafuna tumbaku. Mwishowe akasema, "Mzee, hiyo miti imekukosea nini? Alama zitoke wapi? Si tulikaa kule kilimani siku nne tukichoma nyama ya paa, wewe ukiandika tu?" Nilimwambia anyamaze. Akasema, "Nimenyamaza miaka arobaini. Nimechoka mimi."

Ndiyo, Keziah. Maji yalikuwa yamejaa, nyoka walikuwa wengi, nami niliogopa. Maili sita za kinamasi niliziandika nikiwa nimekaa chini ya turubai, kwa mwandiko mzuri. Daftari lile liko mbele yangu sasa. Kurasa zake zote zina tope na jasho isipokuwa kumi na mbili, nazo ni safi kama sahani. Nilipoapa nililijua hilo. Mashamba mengi ya kaunti hii yanategemea sahihi yangu, na nilishindwa kusimama mbele ya watu nikiwa mzee mwongo. Nikamtoa mwanao badala yangu.

Tangu Alhamisi hadi Jumamosi mimi na Amos tumeupima mstari, maji yakitufika kifuani. Kivuko kimo Harlow, hatua mia mbili ndani ya mpaka. Kesho asubuhi nitakwenda kwa jaji wa Teague na daftari la zamani. Huenda akanifunga kwa kuapa uongo kabla sijamaliza kusema. Huenda akasema kwamba mstari uliokwisha kuchorwa ndio mpaka, uwe wa kweli au wa uongo. Sijui. Ijumaa, siku ya kunyongwa, iko karibu mno. Kwa sababu hiyo daftari jipya nimempa Amos akuletee pamoja na barua hii. Najua hali ya miguu yako, lakini pandeni treni leo hii mwende kwa gavana. Daftari limechafuka. Usilifute tope lile, maana ndilo shahidi pekee tuliye naye.

Wasalimie majirani wanaokesha nawe. Msamaha sikuombi, kwa kuwa sijui ningeuweka wapi. Ila ukiruhusiwa kumwona Orrin kabla yangu, mwambie kwamba mjomba wake ameupima mstari, na kwamba siku ile alikuwa amesimama kwao.

Ni mimi kaka yako,
Ansel Tharp